Zimwi Lililofundishwa Kusema: Frankenstein na Mwendelezo Wake

Filamu ya Frankenstein ilitoka Marekani Novemba 1931. Mwendelezo wake, Bride of Frankenstein, yaani bi harusi wa Frankenstein, ulitoka Aprili 1935. Zote mbili ni za kampuni ya Universal, na zote mbili ziliongozwa na Mwingereza James Whale. Boris Karloff ndiye aliyeigiza zimwi mara zote mbili, na Colin Clive ndiye aliyeigiza Henry Frankenstein, mwanasayansi kijana aliyeliunda kwa viungo vya maiti. Ya kwanza ina dakika 70 hivi, ya pili 75. Anayezitazama kwa mfuatano usiku mmoja huona jambo ambalo ni nadra katika historia ya sinema: mwana aliyemzidi mzazi.

Kuzidi huko kuna mipaka yake. Kwa kutisha, filamu ya kwanza haijapitwa. Kwa unyofu wa hadithi pia, ya kwanza ndiyo iliyonyooka. Filamu ya pili inashinda kwa jambo jingine, nalo ndilo lililofanya wachambuzi wengi waiweke juu: ilirudi kwenye kitabu kilichozaa hadithi yenyewe, ikachukua kile ambacho ya kwanza ilikiacha humo. Kikubwa kati ya hivyo ni ulimi wa zimwi.

Tatizo la mwendelezo wowote wa filamu ya kutisha linajulikana. Hofu hulelewa na kutojua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa mtazamaji wa sinema methali hiyo hugeuka upande wa pili: zimwi analolijua halimtishi likamaliza. Ameshaiona sura yake, ameshaisikia sauti yake, ameshajua linakufa vipi. Hivyo watengenezaji wengi hukimbilia kuongeza: maiti zaidi, damu zaidi, kelele zaidi. Whale alikuwa na njia hiyo mbele yake mwaka 1935. Alichagua nyingine, na ili kuielewa inafaa kuanzia mbali kidogo, kwenye kitabu.

Riwaya ya Frankenstein ilichapishwa London Januari 1818 bila jina la mwandishi. Aliyeiandika ni Mary Shelley, aliyeianza mwaka 1816 akiwa na umri wa miaka 18, kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Alikuwa pamoja na Percy Shelley, ambaye baadaye mwaka huo alifunga naye ndoa, mshairi Lord Byron, na daktari wa Byron aliyeitwa John Polidori. Majira ya joto ya mwaka ule yaligeuka kuwa ya baridi na mvua, kwani majivu ya volkano ya Tambora iliyolipuka huko Indonesia mwaka 1815 yalikuwa yamelipunguza jua sehemu nyingi za dunia. Watu hao walijifungia ndani, Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Ya Mary ndiyo iliyokuja kuwa riwaya hiyo.

Katika riwaya, kiumbe kilichoundwa hakikosi maneno. Kinajificha karibu na nyumba ya familia moja maskini, kinajifunza lugha kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, kinasoma vitabu, na katikati ya kitabu kinashika zamu ya kusimulia maisha yake chenyewe. Kinamwendea mzee kipofu wa familia hiyo kikitumaini kwamba asiyeona sura ataisikia roho. Watoto wa mzee wanaporudi kinapigwa na kufukuzwa. Hapo ndipo kinapomdai muumba wake akiundie mwenzi wa kike. Muumba anakubali, anaanza kazi katika kisiwa kimoja cha Orkney, kaskazini mwa Uskoti, kisha anamrarua huyo mwenzi kabla hajampa uhai. Usemi, mzee kipofu na mwenzi ndiyo mambo matatu yanayoibeba riwaya, na filamu ya 1931 haina hata moja.

Sababu ni kwamba hadithi ilifika Hollywood kwa njia ya jukwaa. Tayari mwaka 1823 mchezo wa kuigiza wa Richard Brinsley Peake uliooneshwa London ulikuwa umemfanya kiumbe kuwa bubu, na umemwongezea mwanasayansi msaidizi aitwaye Fritz ambaye kitabuni hayumo. Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 1927, Peggy Webling aliandika mchezo mwingine, na huo ndio ulionunuliwa na Universal. Kwa hiyo bubu la sinema si uvumbuzi wa sinema. Ni urithi wa karne nzima ya majukwaa, ambako zimwi linalonguruma lilikuwa rahisi kuonesha kuliko zimwi linalohoji.

Universal ilikuwa na haraka. Dracula, filamu ya Tod Browning iliyotoka Februari 1931, ilikuwa imeingiza fedha nzuri wakati uchumi wa Marekani uko taabani, na mkuu wa uzalishaji, Carl Laemmle mdogo, kijana wa miaka ishirini na kidogo aliyewekwa hapo na baba yake mwenye kampuni, alitaka nyingine ya aina hiyo. Kazi ilikuwa mikononi mwa Robert Florey, naye Bela Lugosi alitarajiwa kuwa zimwi. Hatimaye ilikabidhiwa kwa Whale, ambaye alikuwa mgeni Hollywood. Whale alizaliwa mwaka 1889 katika mji wa viwanda wa Dudley, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akatekwa na Wajerumani, na huko kambini kwa mateka ndiko alikoanza kuandaa michezo ya kuigiza. Sifa yake ilitokana na Journey's End, mchezo wa R. C. Sherriff kuhusu maisha ya mahandaki ya vita hiyo. Mtu aliyewahi kuona maiti za vijana kwa wingi ndiye aliyepewa hadithi ya maiti inayoamka.

Karloff naye alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka 1887, jina lake la kuzaliwa likiwa William Henry Pratt. Alikuwa amezunguka miaka mingi katika nafasi ndogondogo. Mtaalamu wa vipodozi Jack Pierce alimkalisha kitini kwa saa nne hivi kila siku ya kazi. Kichwa kilifanywa bapa utosini, kwa hoja kwamba mtu asiye mpasuaji hodari angelikata fuvu kwa juu kama anayefunua sufuria, akaweka ubongo, akafunika. Shingoni ziliwekwa ncha mbili za chuma za kupitishia umeme, ambazo watu wengi hudhani ni bolti. Macho ya Karloff yalionekana kuwa na uhai mno kwa mtu aliyefufuliwa, hivyo kope zake zilizidishiwa nta zikalegea. Yeye mwenyewe alitoa daraja la meno ya bandia, shavu likabonyea upande mmoja. Shavu hilo litarudi kwenye habari hii.

Filamu ya kwanza inafanya kazi kwa ukimya. Muziki unasikika kwenye majina ya mwanzo na ya mwisho na katika ngoma za sherehe ya kijiji. Kwingineko kuna nyayo, upepo, udongo unaoangukia jeneza, na cheche za mitambo ya umeme iliyobuniwa na Kenneth Strickfaden. Zimwi linapoonekana usoni kwa mara ya kwanza, halirukii mtu. Linaingia mlangoni kinyumenyume, mgongo mbele, kisha linageuka polepole. Kamera inalikaribia kwa mikato mitatu, kila mmoja karibu zaidi, mpaka sura ijae kiooni. Hakuna ngoma ya kumwambia mtazamaji sasa ogopa. Muda mfupi baadaye Henry anafungua dirisha la paa, na mwanga unashuka. Zimwi linainua mikono likijaribu kuushika kama mtoto anayetaka kushika moshi. Dirisha linafungwa. Linabaki limeinyosha mikono kwa Henry, viganja juu, kama aombaye. Tukio hilo halina neno hata moja, na hakuna maneno ambayo yangelisaidia.

Tukio lililovuma zaidi ni lile la ziwani. Zimwi limetoroka, linamkuta mtoto wa kike aitwaye Maria akicheza peke yake na paka wake. Maria haogopi. Analishika mkono, anagawana nalo maua, na kulionesha jinsi yanavyoelea yakirushwa majini kama mashua. Zimwi linatabasamu, jambo ambalo halijawahi kulifanya. Linarusha maua yake mpaka yanakwisha, kisha linatazama mikono mitupu, linamtazama mtoto, na linamrusha yeye, likidhani naye ataelea. Hazipiti hata sekunde chache lile tabasamu linakuwa fadhaa, na zimwi linakimbia.

Wakaguzi wa filamu hawakulivumilia tukio hilo. Katika nakala zilizozunguka kwa miongo mingi, picha ilikatwa pale pale zimwi linaponyosha mikono kumwelekea mtoto, na tukio lililofuata lilikuwa la baba kumbeba bintiye aliyekufa, soksi zimeshuka, katikati ya arusi. Mkato huo uliokusudiwa kupunguza ukali uliuongeza, kwa maana mtazamaji aliachwa ajijazie, na alichojijazia kilikuwa kibaya kuliko kilichotokea. Kipande hicho kilirudishwa miaka ya 1980, na ndipo ilipoonekana wazi kwamba zimwi liliua kwa kutojua.

Hapo pia ndipo udhaifu wa filamu ya kwanza unapojitokeza. Mapema katika hadithi, Fritz anatumwa kuiba ubongo chuoni, anaangusha chupa yenye ubongo mzima, na anachukua yenye ubongo wa mhalifu. Maana yake, zimwi ni baya kwa sababu liliwekewa ubongo mbaya. Lakini picha zenyewe zinasema kinyume. Zimwi linakuwa katili baada ya Fritz kulifunga minyororo, kulichapa mjeledi na kulitishia kwa mwenge wa moto. Linamuua Fritz aliyelitesa, na linamuua Dakta Waldman aliyekuwa akijiandaa kulipasua. Filamu inabeba maelezo mawili ya uovu kwa pamoja, ya kuzaliwa nao na ya kufundishwa, na haichagui. Mwishoni wanakijiji wanaliunguza zimwi ndani ya kinu cha upepo. Henry, aliyetupwa kutoka juu ya kinu hicho, ilikusudiwa afe. Mwisho ukabadilishwa, akanusurika, na filamu ikafungwa na baba yake akinywa kumtakia heri mjukuu atakayezaliwa.

Mapato yalikuwa makubwa, na Universal ilitaka mwendelezo mara moja. Whale alisita, akiona kwamba hadithi ile alikwisha kuikamua yote. Alitengeneza kwanza The Old Dark House mwaka 1932 na The Invisible Man mwaka 1933, na katika hizo alijifunza kuchanganya hofu na kicheko. Alipokubali, alikuwa na uhuru ambao waongozaji wachache waliupata chini ya kampuni kubwa za wakati huo. Mswada uliandikwa na William Hurlbut, akisaidiana na John L. Balderston katika kuitohoa hadithi kutoka kitabuni. Upigaji picha ulianza Januari 1935 na kumalizika Machi, kwa gharama ya karibu dola 400,000, kiasi kilichozidi kwa mbali cha filamu ya kwanza.

Filamu inaanza na usiku wa mvua na radi. Katika ukumbi wa kifahari wapo watu watatu: Byron, Percy Shelley na Mary. Byron anakumbusha kwa madaha yaliyotokea katika hadithi ya kwanza, na Mary, aliyeinamia ushoni wake, anasema kwamba hadithi haikuishia pale. Utangulizi huu una kazi mbili. Kwanza unamtia mtazamaji mpya ndani ya habari bila kumchosha. Pili unatangaza kwamba mwenye hadithi ni mwanamke huyu, na kwamba mwendelezo unatoka kinywani mwake. Mwigizaji wake ni Elsa Lanchester, na huyo huyo ndiye atakayeamshwa mezani mwishoni akiwa bi harusi wa zimwi. Mtunzi na kiumbe wana sura moja.

Kutoka hapo hadithi inarudi kwenye kinu kile kile, kikiwa bado kinafuka. Zimwi lilitumbukia kwenye maji yaliyokuwa chini ya kinu, likapona. Baba yake Maria anashuka kuhakikisha kwa macho yake kwamba limekufa, nalo linamuua, kisha linamtupa mama yake Maria humo humo. Nywele za zimwi zimeungua na ngozi ina makovu ya moto, kwa kuwa Pierce alikumbuka filamu iliyotangulia iliishaje. Henry naye hajafa, na sasa anataka kuachana na kazi yake. Anayemzuia ni mhusika mpya ambaye kitabuni hayumo: Dakta Pretorius, aliyeigizwa na Ernest Thesiger, mzee mwembamba, pua juu, mwenye dharau ya kistaarabu. Pretorius ana watu wadogo aliowaotesha na kuwatia ndani ya mitungi ya kioo, yumo mfalme, malkia, askofu mkuu, shetani, mcheza dansi na nguva. Anakunywa mvinyo mkali na kusema huo ndio udhaifu wake pekee, na baadaye anavuta sigara nene na kusema hivyo hivyo. Kupitia kwake mzigo wa lawama unahama. Henry wa filamu ya kwanza alitaka kujua. Pretorius anataka kucheza.

Zimwi linasakwa tena msituni. Wanakijiji wanalikamata, wanalifunga kwenye nguzo na kuliinua juu, mikono imefungwa, kichwa kimeinama. Hakuna Mkristo wa mwaka 1935 ambaye asingeitambua picha hiyo. Linavunja minyororo, linakimbia likiwa na jeraha la risasi mkononi, na katikati ya msitu linasikia fidla.

Tukio linalofuata ndilo moyo wa filamu, na linatoka kitabuni. Mzee kipofu, aliyeigizwa na O. P. Heggie, anaishi peke yake kibandani. Anamkaribisha mgeni asiyemwona, anagusa jeraha lake, anamlisha, anamlaza. Kisha anapiga magoti kando ya kitanda na kumshukuru Mungu kwa kumletea rafiki baada ya upweke wa miaka. Wimbo wa Ave Maria wa Schubert unasikika kwa kinanda. Zimwi linainua mkono taratibu na kumpapasa mzee begani, na chozi linateremka kwenye shavu lake lenye makovu. Picha inafifia, lakini msalaba uliotundikwa ukutani unabaki unang'aa sekunde kadhaa baada ya vingine vyote kuzama gizani.

Siku zinazofuata ni za masomo. Huu ni mkate. Hii ni divai. Zimwi linarudia kwa sauti nzito inayokwama. Rafiki, mwema. Peke yake, vibaya. Moto, vibaya, linasema likirudi nyuma kwa hofu, na mzee anamweleza kwamba moto una wema na ubaya wake. Msamiati wa zimwi katika filamu nzima hauzidi maneno arobaini na ushei, nao ulipimwa makusudi ulingane na wa mtoto mdogo. Furaha haidumu. Wawindaji wawili wanaingia, mmoja anamtambua mgeni na kumweleza mzee ni nani anayekula naye. Kibanda kinashika moto, mzee anakokotwa nje kwa nguvu akidhaniwa anaokolewa, na zimwi linabaki likimwita rafiki.

Karloff hakulipenda wazo la zimwi kusema. Aliona kwamba ukimya ndio uliokuwa ukiugusa moyo wa mtazamaji, na aliendelea kuamini hivyo hata baada ya filamu kusifiwa. Hoja yake haipaswi kupuuzwa. Kusema kulikuwa na gharama, na gharama hiyo inaonekana usoni: ili maneno yatamkike Karloff hakuweza tena kulitoa lile daraja la meno, hivyo shavu lililobonyea mwaka 1931 limejaa mwaka 1935. Zimwi la pili lina afya zaidi na mauti kidogo. Pia asiyesema ni tishio kwa sababu hajulikani anataka nini. Akishasema, anataka mkate na mtu wa kukaa naye, na si rahisi kumwogopa mwenye haja hizo.

Lakini kilichopotea kwa upande wa hofu kilirudi kwa upande mwingine. Msimuliaji wa Kiswahili anayehadithia filamu hizi hukutana na jambo hilo kwenye sarufi yenyewe. Katika ile ya kwanza atasema zimwi lile lilikuja, lilinguruma, liliua, na hatasita. Katika ile ya pili, akifika kwa mzee kipofu, ulimi wake utaelekea kuteleza kwenye yule na alikuja, maana anayejifunza neno rafiki na kulilia amekwisha kuingia katika hesabu ya watu. Ubongo wa mhalifu hautajwi tena. Kilichobaki ni maelezo ambayo Mary Shelley aliyatoa tangu 1818: kiumbe kinachofukuzwa na kila mtu kitawachukia watu wote.

Pretorius anautumia upweke huo. Anakutana na zimwi kaburini, anakula chakula cha jioni juu ya jeneza, na analiahidi mwenzi. Zimwi linamteka Elizabeth, mke wa Henry, ili kumshurutisha mumewe afanye kazi. Uumbaji wa pili ni wa fahari kuliko wa kwanza: vishada vinarushwa hewani kuvuta radi, meza inapandishwa hadi kwenye paa lililo wazi, kamera ya John J. Mescall inainama upande kana kwamba chumba chenyewe kimelewa. Franz Waxman, mtunzi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi, aliipa filamu muziki mzima, na zimwi, bi harusi na Pretorius kila mmoja ana kipande chake kinachomtambulisha. Wakati wa uumbaji ngoma inadunda kwa mwendo wa moyo. Filamu iliyotangulia ilikuwa na radi na kimya, hii ina radi na okestra.

Bi harusi anapofunuliwa, nywele zake zimesimama wima kwa mfano wa taji la Nefertiti, zikiwa na michirizi miwili myeupe kama radi iliyogandia humo. Anageuza kichwa kwa mishtuko ya ndege. Lanchester alisema sauti yake ya kufoka aliichukua kutoka kwa bata maji aliowahi kuwaona katika bustani ya Regent's Park, London. Zimwi linamkaribia, linamuuliza kama ni rafiki, linamgusa mkono kwa uangalifu wote. Anapiga kelele na kumkimbilia Henry. Zimwi linasema kwamba bi harusi naye analichukia, kama wengine. Kisha linawaruhusu Henry na Elizabeth waende wakaishi, linamzuia Pretorius, linatamka kwamba wao waliobaki ni wa mauti, na kwa chozi usoni linaivuta swichi inayobomoa mnara wote. Bi harusi ameonekana kwa dakika chache tu, hajasema neno, na ndiye anayekumbukwa na hata wasioitazama filamu.

Alama ndogo kwenye orodha za waigizaji inaieleza tofauti yote. Mwaka 1931, mwanzoni mwa filamu, mahali pa jina la aliyeigiza zimwi paliwekwa alama ya kuuliza. Mwaka 1935 jina la Karloff linatangulia kwa herufi kubwa, bila hata jina lake la kwanza, na alama ya kuuliza imehamishiwa kwa bi harusi. Whale alikubali kwamba zimwi la zamani halina siri tena, akaiweka siri kwa mgeni, naye yule wa zamani akamfanya mtu.

Filamu ya pili ina kasoro zake. Minnie, mtumishi anayepiga mayowe kila anapolikuta zimwi, anachekesha mara ya kwanza na kuchosha ya tatu. Watu wa mitungini ni ufundi mzuri wa kamera usioisogeza hadithi mbele. Henry amekuwa mtu wa kusukumwa, na Elizabeth, aliyeigizwa sasa na Valerie Hobson mwenye umri wa miaka 17, hana kazi zaidi ya kutekwa. Swichi inayolipua jengo zima, iliyowekwa mahali ambapo yeyote anaweza kuifikia, haina maelezo. Mwisho wenyewe una kiraka: Henry alipangiwa kufa tena, ukabadilishwa dakika za mwisho, na katika picha ya mlipuko jicho kali humwona bado yumo ndani. Ukiacha mwisho wake uliobadilishwa, filamu ya kwanza haina ziada za namna hiyo. Kila tukio lina kazi.

Ukaguzi nao uliibana zaidi. Tangu katikati ya 1934 ofisi ya Joseph Breen ilikuwa ikisimamia kwa nguvu kanuni za maadili za Hollywood, ikapinga idadi ya mauaji, gauni la Mary Shelley lililoacha kifua wazi, na maneno ya kumlinganisha binadamu na Mungu. Dakika kadhaa zilikatwa baada ya filamu kukamilika. Hata hivyo msalaba unaong'aa ulipita, nguzo ya mateso ilipita, na Pretorius na kejeli zake alipita. Whale alijua kwamba wakaguzi husoma maneno kwa makini kuliko wanavyosoma picha.

Maktaba ya Bunge la Marekani imeziingiza zote mbili katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa thamani yake kwa taifa, ya kwanza mwaka 1991 na ya pili mwaka 1998. Anayetaka kutishwa aitazame ya 1931, na aitazame gizani. Anayetaka kujua kwa nini hadithi hii haijafa kwa zaidi ya miaka mia mbili aitazame ya 1935, lakini asianze nayo, kwa kuwa neno rafiki halina uzito kinywani mwa asiyewahi kusikika akiwa bubu. Ubora wa mwendelezo huu ulitokana na kuuliza ni kipi kilichoachwa, si ni kipi kilichopendwa. Kampuni yenyewe haikulishika somo hilo. Mwaka 1939 Universal ilitoa filamu ya tatu, Son of Frankenstein, bila Whale. Karloff aliivaa sura ile kwa mara yake ya mwisho katika filamu ndefu, na zimwi lilikuwa bubu tena.